Kutafsiri shairi kwenda Kiingereza: mimi ningeachana na vina

Mkuu, umeuliza kwa nini tarbia yako, shairi la mishororo minne kila ubeti, inaliza watu kwa Kiswahili, ila ukiitia Kiingereza inasomeka kama kadi ya sikukuu. Nimezisoma beti mbili ulizoweka. Sarufi haina kasoro. Kinachokuponza ni vina.

Sisi maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu, kina unakiokota kama viazi vya Uyole jembe likishapita. Kiingereza hakina neema hiyo. Ukikilazimisha unaanza kupindua sentensi, ndiyo maana umeandika "to the river I did go". Leo hakuna anayesema hivyo hata awe na huzuni ya namna gani. Andika "I went down to the river", basi. Hilo "down" wao hulitia wenyewe bila kufikiri, na huku kwetu milimani mto uko bondeni siku zote. Usiogope kuambiwa si shairi: sehemu kubwa ya tamthilia za Shakespeare haina vina, ina mapigo tu, yaani silabi zinazotamkwa kwa mkazo, matano kila mstari. Sikio la Mwingereza linafuata mapigo kuliko mizani, yaani hesabu ya silabi zote. Mshororo wangu wa mizani kumi na sita huwa naukata vipande viwili vifupi, kila kimoja mapigo matatu au manne.

Lakini vina ni rahisi kuviacha. Kazi iko kwenye moyo na viungo vingine vya mwili.

Marehemu mjomba wangu alifiwa na mkewe, akakaa miaka bila kutunga kitu. Alipoanza tena, kibwagizo kiliitaja milima yetu ya Uporoto: "Baridi ya Uporoto, moyo wangu umepoa." Nikaandika kwa kujiamini kabisa, "my heart has cooled". Mwalimu wa kujitolea kutoka Uingereza aliyekuwa hapa Mbeya akasoma, akaniuliza: kwa hiyo alikuwa ameshaacha kumpenda mkewe? Nilikosa pa kuficha uso. Kwao moyo ukipoa mapenzi yamekwisha. Kwetu kinachopoa ni homa, kidonda, hasira. Nilihangaika na maneno matatu yale wiki nzima. "Healed" ilisikika kama tangazo la mkutano wa injili, na "at peace" ni ya kwenye makaburi. Mwisho nikaweka "my heart has gone quiet". Akasoma, hakuuliza kitu. Ila ule mchezo wa baridi na kupoa ulipotea, na mpaka leo unaniuma.

Sasa wewe una "nimeshika tama", umeandika "I hold my cheek". Mwingereza atadhani jino linakuuma. Ukisema kidevu mkononi, atakuona unawaza au umechoka kusubiri daladala. Mtu wao mwenye majonzi huinamisha kichwa kwenye viganja: "head in my hands". Mkono umehama kutoka shavuni, sawa, lakini msiba umebaki.

Kuhusu mpenzi wa ubeti wa pili: kwako ni "amekwenda, hajarudi", na msomaji hajui kama ni mume au mke. Kiingereza kitakulazimisha uchague "he" au "she". Wengine hukwepa kwa kugeuza yote kuwa "you". Niliwahi kufanya hivyo nikajuta, maana shairi lilikuwa la mtu anayewalalamikia majirani, likageuka la mtu anayebembeleza uso kwa uso. Kama usiri huo hukuukusudia, chagua jinsia uendelee. Kama uliukusudia, jaribu kumwita kwa kitu chake: nyayo zake ziwe "the footsteps", kiti chake kiwe "the chair".

Ulanzi uache ulanzi. "Bamboo wine" inanipa picha ya mgahawa wa hotelini, wakati wewe unazungumzia kibuyu na kelele za kilabuni. Na "kamwene" ya mwanzo isiguswe, mistari inayofuata inaonyesha kuwa watu wanasalimiana.

Kabla hujatuma, msomee mtu anayejua Kiingereza vizuri ambaye hajaona Kiswahili chake. Usimweleze chochote. Pale anapokunja uso, weka alama. Mimi ningeanzia mshororo wa tatu, ule wa tama. Beti zilizobaki ziweke hapahapa tuzione, ila weka na Kiswahili chake, safari hii umetuwekea nusunusu.