Nyumba ipo, gari ipo, moyo mtupu: yangu ya kwenye kangomba

Mkuu umeuliza mbona una miaka 35, nyumba unayo, kazi nzuri, na bado ukilala unaona kuna kitu hakipo. Wengi humu wamekwambia oa, wengine safiri utembee. Mi nakupa yangu, ndefu kidogo, vumilia.

Mi mtu wa Masasi. Kuanzia 2014 nilikuwa nafanya kangomba. Kwa msio wa kusini, unamfuata mkulima wa korosho kabla ya msimu, Juni Julai hivi, ana shida ya salfa ya kupulizia mikorosho au ada au mtoto anaingia jandoni, unampa hela kidogo, korosho zikianguka unakuja kubeba kwa kopo, mzani hakuna. Kisheria ni kosa, korosho zinatakiwa zipite chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, ziende mnadani, ila hela yake tamu aisee. Kopo langu niligonga kitako kwa nyundo kikatuna nje, ukilitazama juu hujui kitu, ila kila kopo linameza kiganja kizima cha ziada.

Msimu wa 2017 mnadani kilo ilikaribia 4,000, mi nilikuwa nimechukua kwa buku, yaani 1,000. Nikaezeka nyumba, nikavuta gari, Noah. Usiku mmoja nikamwaga hela kitandani nikahesabu, nilipomaliza nikaanza tena upya, na sio kwamba nilikosea hesabu, sikuwa na kingine cha kufanya.

Watu wanadhani nilimrudia Mungu sababu ya 2018. Wakulima waligomea bei mnadani, Novemba serikali ikatangaza inanunua yenyewe kwa 3,300, jeshi likaja kubeba, uhakiki ukaanza, unaambiwa onyesha shamba lako. Mi nina magunia tele sina mkorosho hata mmoja. Zikaenda. Lakini utupu ulianza kabla, nikiwa nazo mfukoni, hilo ndo nataka ulishike.

Mwaka uliofuata nikaenda Ndanda kumwona mjomba kalazwa pale hospitali ya misheni, nikapitiliza kanisani, nikajikuta kwenye kitubio, miaka 11 sijaungama. Padre hakunihubiria. Aliniuliza tu, na hilo kopo liko wapi? Nikasema stoo. Akaniambia kasome habari ya Zakayo mtoza ushuru, yule aliyeahidi kuwarudishia aliowadhulumu, halafu anza na mtu mmoja.

Nikaanza na bibi mmoja wa Newala, Mwislamu, nilimpunja alipokuwa anamtoa mjukuu jandoni. Shikamoo bibi, nimeleta hela yako. Akajua nimekuja kukopesha, akasema mwaka huu sina korosho mjukuu wangu. Nikamtolea kopo. Akaingiza vidole akapapasa kitako, akacheka mpaka akakaa chini. Hela akafunga kwenye pindo la kanga bila kuhesabu, akaniletea ming'oko, vile viazi vya porini, kwenye kisahani, nikala huku machozi yananitoka, mtu mzima na ndevu zangu.

Noah niliuza kurudisha za watu, na bado sijamaliza, wawili walishafariki nikawapa watoto wao. Sasa nina mikorosho yangu michache, nauza chama cha msingi kama wengine, Jumamosi asubuhi nipo kwenye sala za jumuiya. Usinielewe vibaya, sisemi ukimpokea Yesu hela zinakuja, hao wahubiri wa panda mbegu uvune gari mi nawakimbia, kuna msimu nakosa hata ya salfa. Ila nikilala nalala. Kukuelezea vizuri siwezi, ni kama ulikuwa unatafutwa siku nyingi na mwenyewe umejificha, halafu ukaonekana, basi, huna tena haja ya kujificha.

Wewe hela zako huenda ni halali tupu, sikuulizi. Ila kwa kuwa umesema ulibatizwa, nenda kanisani siku ya kazi, sio Jumapili, pakiwa hapana watu, ukae tu hata nusu saa bila simu.

Kopo bibi alikataa nirudi nalo. Anapimia pumba za kuku.