Tola moja ni gramu ngapi?

SWALI: Fundi, shikamoo. Marehemu mama ametuachia bangili nne za dhahabu pamoja na risiti ya Karachi iliyoandikwa "tola 4, karati 22". Mnunuzi mmoja hapa Tanga ameniambia tola ni gramu 10, kwa hiyo nina gramu 40 tu. Shemeji yangu aliyeko Muscat anasema ni 11.66. Halafu kuna duka la manukato liliniuzia "tola" ya mafuta ya udi kwenye kichupa cha mililita 12. Nimwamini nani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa kufiwa na mama.

Kwa dhahabu iliyonunuliwa Karachi, shemeji yako yuko sahihi. Tola ni gramu 11.6638, na Pakistan bei ya dhahabu hutangazwa kwa tola hiyo hadi leo. Tola 4 ni gramu 46.66. Ukikubali hesabu ya 40 umeacha zaidi ya gramu 6 na nusu mezani kwa mtu, na hiyo ni zaidi ya nusu ya bangili moja.

Kama kuna mzee nyumbani kwenu aliyehifadhi rupia ya fedha, iwe ya India au ile ya Mjerumani, muombe muipime kwenye mizani ya sonara. Itasoma 11.6 na kitu, au pungufu kidogo ikiwa imelika kwa kupita mikononi. Mwaka 1833 Waingereza waliokuwa wakitawala India waliifunga tola kwenye uzito wa rupia, na Wajerumani walipotoa rupia yao huku kwetu wakafuata uzito huohuo. Ndiyo maana sokoni sarafu yenyewe ilitumika kama jiwe la mizani: rupia sahani hii, dhahabu sahani ile. Ndani ya tola mna masha 12, na kila masha ni ratti 8. Ratti asili yake ni ile mbegu ndogo nyekundu yenye doa jeusi, ambayo hata pwani yetu watoto huiokota na kuitungia shanga.

Sasa hiyo 10 imetoka wapi? India ilipitisha sheria ya vipimo vya metriki mwaka 1956, na dhahabu kule ikazoea kutajiwa bei kwa gramu 10. Watu hawakuliacha neno tola. Wakalivisha uzito mpya. Ukiingia duka la sonara India leo ukataja tola, mara nyingi utapimiwa gramu 10. Kwa hiyo mnunuzi wako hakuitunga namba hiyo kichwani. Kosa lake ni kuisoma risiti ya Karachi kwa tola ya India, tena katika biashara ambayo yeye ndiye anayenunua. Dubai nako vipande vya "tola 10" vinavyouzwa huko vina gramu 116.64. Hakuna anayevihesabu kuwa 100.

Udi ni habari nyingine, kwa sababu pale uzito umegeuzwa kuwa ujazo. Mafuta ya aina hii mengi ni mepesi kidogo kuliko maji, hivyo mililita 12 hukaribia gramu 11.66, na wauzaji wa Ghuba wakazoea kukiita kichupa hicho tola, na cha mililita 3 robo tola. Hujaibiwa hapo. Ila usiitumie 12 hiyo kwenye dhahabu.

  

Turudi kwenye bangili zako. Risiti inakuambia mama alilipia nini. Leo utalipwa kwa kinachosomwa na mizani. Zipime mbele ya macho yako, kwa gramu, mizani ikiwa imeanza kwenye sifuri, na uulize bei ya gramu moja ya karati 22. Zikisoma 46 kamili au pungufu kidogo, usishtuke, bangili za kuvaliwa kila siku hulika. Zikisoma 40, basi ama muuzaji alitumia tola ya gramu 10, ama kuna bangili iliyobadilishwa njiani, na hilo liulizeni nyumbani kwa utaratibu.

Kabla ya hapo zigonge kidogo kwa ukucha, uzisikilize. Bangili za kule wakati mwingine huwa wazi ndani na kujazwa lakiri, au hubeba mawe, na vyote hivyo vinaingia kwenye uzito bila kuwa dhahabu. Tazama kama risiti ina uzito wa jumla na uzito halisi, yaani wa dhahabu peke yake. Ikiwa ina namba moja tu na bangili zinatoa sauti butu, nenda kwa sonara asiye na nia ya kuzinunua, umlipe ada yake, azipime yeye kwanza.