Maswali Yenu: "Kompyuta Yako Imeingiliwa, Piga Namba Hii"

Swali: Habari za kazi, wataalamu. Kompyuta ya stationery yangu hapa Sinza imejaa ghafla rangi nyekundu, inalia king'ora, na maandishi ya Kiingereza yanasema nisiizime, nipige namba inayoanza na +1. Mshale wa mausi hauonekani. Kijana wa jirani anataka 30,000 apige window upya, yaani aisakinishe Windows upya. Nimpe?

Jibu: Usimpe, na hiyo namba usiipige. Unachokiona ni ukurasa tu wa intaneti, umetanuliwa ukajaza kioo kizima na kuuficha mshale. Microsoft haiweki namba ya simu kwenye ujumbe wa hitilafu, hata siku moja. Shikilia Esc kwa sekunde chache, kisha bonyeza Alt na F4. Ikigoma, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua Chrome kwenye orodha inayotokea, bofya End task. Wengi hukwama baada ya hapo: wakifungua Chrome inawauliza kama irudishe kurasa za mwanzo, wanakubali, king'ora kinarudi. Wewe kataa. Halafu ingia Settings za Chrome, Privacy and security, Site settings, Notifications, ufute kila tovuti usiyoijua iliyoruhusiwa kukuletea taarifa. Hizo huingia siku mteja anapotafuta mpira wa bure na kubofya Allow ili video icheze. Jioni ukifunga duka, acha Windows Security ifanye Full scan. Kupiga window kwa jambo hili ni kubomoa nyumba kwa sababu mtu kabandika tangazo mlangoni.

Swali: Shikamooni. Baba yangu ni mstaafu, tunaishi Tabata. Alipigiwa na mtu mwenye Kiswahili safi, akajiita fundi wa Microsoft, akamwelekeza aweke AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta ya mtu ukiwa mbali, akamwonyesha mamia ya alama nyekundu kwenye kompyuta. Mzee akalipa laki tatu na nusu kwa simu. Sasa anapigiwa kila siku, anaambiwa kazi haijaisha.

Jibu: Poleni, na mzee mpeni pole zetu. Hela ikiwa imetumwa leo, pigeni 100 kabla ya yote mkiwa na namba ya muamala iliyo kwenye SMS, muombe izuiwe kwa mpokeaji. Ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi kubwa, kwa hiyo dakika kumi za mwanzo zina thamani kuliko wiki nzima ya baadaye. Mwenzako akiwa anapiga hiyo 100, wewe chomoa modemu au zima Wi-Fi. AnyDesk ni programu halali, mafundi wanaitumia kila siku, lakini bila intaneti haimfikishi mtu popote.

Zile alama nyekundu zinatoka kwenye Event Viewer, daftari ambamo Windows huandika kila jambo dogo: programu iliyochelewa kuwaka, saa iliyoshindwa kujipanga. Fungua daftari hilo kwenye kompyuta isiyo na tatizo lolote, utazikuta zimejaa. Wakati mwingine matapeli hawa huendesha amri ya netstat na kuonyesha safu ya Foreign Address, wakidai ni wadukuzi wa nje ya nchi. Ni anwani tu za tovuti ambazo kompyuta inawasiliana nazo.

Sasa usafi. Ingia Settings za Windows, Apps, panga orodha kwa tarehe ya kuwekwa, ondoa kila kilichoingia siku ile, si AnyDesk peke yake. Mara nyingi huacha programu ya pili ya aina hiyo, kama UltraViewer au ScreenConnect, ili warudi bila kuomba. Nywila zibadilishwe kutoka simu au kompyuta nyingine, mkianza na barua pepe, maana huko ndiko nywila nyingine zote hurejeshwa. Kama mzee aliingia benki siku ile, benki ifunge kadi na huduma ya mtandaoni. Hapa kupiga window kuna maana: hamisheni nyaraka na picha kwenye flashi, mafaili ya .exe, yaani ya programu, yaacheni. Kisha nendeni kituo cha polisi mkachukue RB, namba ya taarifa yenu. Na akitokea wa kusema atawarudishia hela kwa ada kidogo, huyo ni walewale.

Swali: Niko Kigamboni. Aliyejiita huduma kwa wateja kaniambia nibonyeze nyota mbili, 21, nyota, namba yake, na reli, eti laini isifungwe. Nimeshabonyeza.

Jibu: Umezielekeza simu zako zote kwake, pamoja na ile inayosoma namba ya uthibitisho ya WhatsApp. Piga ##21# sasa hivi, kisha *#21# kuhakiki. Piga pia *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Huduma kwa wateja ya kweli ni 100. Huyo aliyekupigia kwa namba ya kawaida mripoti 15040.