Nembo ya familia: simba au tezo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi naunda maboti hapa Kibirizi, Kigoma, na mke wangu anauza mawese. Nataka nembo ya familia ya kupaka kwenye kila boti ninayoitoa. Wanangu wanang'ang'ania simba mwenye taji kama wa Uingereza. Unashauri nini?

JIBU: Marahaba, fundi. Simba mwache, na taji waachie wafalme. Itazame Ngao ya Taifa: jembe na shoka, mkuki, mawimbi ya buluu na nyeupe, karafuu na pamba miguuni pa mwanamume na mwanamke. Vitu vya kazi na vya ardhi yetu! Nawe unavyo vyako. Weka tezo katikati, chini yake mawimbi ya Ziwa Tanganyika, na pembeni mchikichi wa mama watoto. Huyo mama asisahaulike hata kidogo.

Rangi ndiyo kazi hasa. Ulaya, nembo za ngao zilishika kasi karne ya 12, nazo zilitakiwa zitambulike kwa mbali. Kanuni yao ingalipo: njano huhesabiwa dhahabu, nyeupe huhesabiwa fedha, na hizo mbili hazipakwi moja juu ya nyingine. Wala nyekundu haipakwi juu ya buluu. Ifuate. Tezo nyeupe juu ya buluu iliyokoza, mvuvi ataiona hata jua likizama. Ukiipaka nyekundu itapotea.

Maneno yawe machache, chini ya mawimbi. Taifa zima limetumia matatu tu: Uhuru na Umoja.