Mjumbe wa baraza, dai jedwali zima kabla ya kupitisha mshahara wa mkuu wa chuo

Msomaji aliyeteuliwa karibuni kwenye baraza la chuo kikuu cha umma ameuliza: tukishapitisha mshahara wa mkuu wa chuo, si tumemaliza? Hamjamaliza. Mshahara wa msingi kila mtu anaujua, kwa hiyo ni nadra kuleta fedheha. Fedheha hutoka kwenye mistari iliyo chini yake.

Mwagizeni katibu wa baraza aandae jedwali la ukurasa mmoja, liwafikie wajumbe siku 7 kabla ya kikao. Likigawiwa asubuhi ya kikao, ahirisheni. Liwe na mshahara, nyumba au posho yake, gari na dereva, bima, pensheni, bonasi, malipo yaliyoahirishwa (anayoahidiwa sasa na kulipwa baadaye), na chochote anacholipwa na wakfu, yaani mfuko wa michango na mali za chuo, au kampuni za chuo. Kila mstari uonyeshe kiasi cha mwaka na akaunti inakotoka hela. Huo wa wakfu msiuruke: Chuo Kikuu cha Louisville, Marekani, rais wake alilipwa na wakfu mamilioni ya dola ya malipo yaliyoahirishwa, na ukaguzi wa 2017 ukayaanika.

Kamati ya maslahi, inayoshughulikia malipo ya mkuu wa chuo, iwe na watu 3 hadi 5 wasio wa menejimenti, na mkuu wa chuo asiwe mjumbe. Inaonekana ni jambo la wazi, lakini Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, kiliingia matatani 2017 kwa sababu mkuu wake, aliyekuwa akipokea zaidi ya pauni 450,000 kwa mwaka, alikuwa mjumbe wa kamati hiyo. Mwaka uliofuata kanuni za kamati ya wenyeviti wa mabaraza ya vyuo vikuu vya Uingereza zikapiga marufuku mtindo huo.

Mtaalamu wa kulinganisha mishahara aajiriwe na kamati, si na ofisi ya mkuu wa chuo. Orodha ya vyuo vya kulinganishwa ipangwe kwa idadi ya wanafunzi, bajeti na kama kuna hospitali ya kufundishia, tena kabla hamjaona takwimu za mishahara. Na kauli ile ya "tumlipe juu kidogo ya wastani" ikataeni. Kila chuo kikifanya hivyo wastani wenyewe hupanda kila mwaka, hata kama hakuna aliyefanya kazi vizuri zaidi.

Sasa kifungu cha kuondoka, ambacho wajumbe wengi hukisoma siku ya ugomvi. Chukua mkataba wa miaka 5 unaovunjwa mwishoni mwa mwaka wa 3. Kama unamhakikishia malipo ya muda wote uliosalia pamoja na likizo ya utafiti ya mwaka 1, mtalipa miaka 3 kwa mtu ambaye hayupo ofisini. Wekeni ukomo: miezi 12 au muda uliosalia, wowote ulio mfupi. Akiachishwa kwa kosa, asilipwe fidia, na makosa yenyewe yaorodheshwe mkatabani. Akirudi kufundisha, alipwe kama maprofesa wenzake wa ngazi hiyo.

Kura ya mwisho ipigwe na baraza zima, na sababu ziandikwe kwenye muhtasari wa kikao. "Kamati iliridhika" si sababu.

Kila mwaka mkaguzi wa ndani alinganishe jedwali na malipo halisi, kisha ampelekee ripoti mwenyekiti wa kamati moja kwa moja, bila kupitia kwa mkuu wa chuo. Posho isiyokuwemo kwenye jedwali isimamishwe hadi baraza liipigie kura, hata kama ni ndogo.