Jibu: Mkate wa kumimina unaobonyea katikati

Waalaikumu salaam, dada. Kwa ulivyoeleza, mkate wako wa mchele unaumuka vizuri bakulini, unapanda sufuriani, halafu unabonyea katikati na ndani unabaki mbichi.

Kabla ya kulaumu hamira, tazama tui. Mchele uliolala majini usiku kucha umeshanyonya maji, kwa hivyo uchuje mpaka usidondoke tena, usage kwa tui zito la kwanza tu, ukilitia kidogo kidogo. Ukiinua mwiko, rojo lishuke polepole kama utepe. Lisugue kwa vidole. Ukisikia chenga, endelea kusaga.

Halafu joto. Aprili hapa Lamu rojo haliumuki kama wakati wa kusi, upepo wa msimu wa baridi; linakwenda mbio. Mimi sitazami saa, natazama bakuli: likijaa vipovu na kukaribia mara mbili, changanya ute wa yai taratibu, umimine papo hapo. Likianza kuzama na kunuka uchachu, limeshapita.

Moto ndipo wengi wanapoharibikiwa. Sufuria ipakwe mafuta na ipate moto kabla hujamimina. Kisha punguza makaa ya chini, juu ya kifuniko palia mengi, na usifunuefunue! Ukinusa iliki na sukari inaanza kuiva, choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, epua, uache upoe ndani ya sufuria.

Mimi hupikia mkaa tu, wa ovena watakuongezea. Wewe unasaga kwa blenda au kwa kinu?