Wagonjwa waitwe kabla karatasi haijaandikwa

SWALI: Hamjambo hapo. Mimi nina kisukari, naenda kliniki hapa Kayole. Juzi nesi alituomba wagonjwa wachache tusaidie kutengeneza karatasi ya kufundisha wagonjwa wapya, sasa mimi shule niliachia darasa la saba na huko kutakuwa na madaktari, kweli nitawaambia nini? Mama wa watoto wawili, Kayole.

JIBU: Mama, nenda, tena nenda mapema kabla hawajaandika hata mstari mmoja, juu ukiitwa mwisho utaambiwa tu "iko sawa?" na utasema ndio.

Daktari anajua insulini (ile dawa ya sindano ya kisukari) ambayo haijafunguliwa inakaa kwa friji, digrii 2 mpaka 8. Wewe ndio unajua watu wa ploti wengi hawana friji na stima hupotea. Uliza hilo swali hapo mezani, ndio karatasi iseme pia kwamba chupa uliyoanza kutumia, kwa insulini nyingi, inaweza kukaa nje kama wiki 4 mbali na jua na jiko, na chungu cha udongo chenye maji husaidia kuipoesha. Chakula nacho! Karatasi nyingi husema tufaha na mkate wa brauni na huku kwako ni ugali sukuma, chapo Jumapili, kwa hivyo waonyeshe sahani yako na waandike ugali kiasi gani. Na waambie vile sukari ikishuka ukiwa kwa matatu kwa jam ya Jogoo Road, unatetemeka, jasho, na watu wanadhani umelewa. Hiyo mtu mpya lazima aisome: mashine ya kupima sukari ikionyesha chini ya 4 (mmol/L), kula vijiko 3 vya chai vya sukari, upime tena baada ya dakika 15. Namba ni za daktari kuhakikisha, usibebe huo mzigo.

Watu wanaoishi na virusi vya ukimwi walipigania hii haki kitambo, na huko Paris mwaka 1994 nchi 42 zilikubali wahusishwe zaidi. Wa kisukari pia tunastahili.

Ikishaandikwa, mpatieni mgonjwa ambaye hakuwa kwa mkutano asome, kisha awaeleze kwa maneno yake. Msimuulize kama ameelewa. Akikwama mahali, hapo paandikwe upya, si yeye mjinga.

Na kabla ya kukubali uliza nauli, na ile siku umefunga biashara utalipwa nini. Picha yako isichapishwe kama hujakubali.